Kuondoa Boila ya Zamani na Kubakiza Meko: Somo kwa Wenye Nyumba na Wapangaji wa Mafinga

Mji wa Mafinga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyelala hapa usiku wa mwezi Julai hahitaji kuelezwa kwa nini wajenzi wa zamani waliweka meko sebuleni. Katika baadhi ya nyumba kongwe za Mufindi, hasa zile zilizojengwa kwa ajili ya mashamba ya chai, misheni na taasisi, meko hayo yalipewa kazi mbili. Mbele yalipasha chumba joto. Nyuma, ndani ya ukuta, kulifichwa tangi dogo la chuma lililojaa maji, ambalo mafundi huliita boila. Moto uleule uliowapasha watu miguu ulipasha na maji ya kuogea.

Boila hizo sasa zimezeeka. Nyingine zinavuja, nyingine zimejaa kutu, na nyingine zimekwisha kukatwa na kusahauliwa ndani ya ukuta. Somo hili linamhusu mwenye nyumba, au mpangaji, ambaye anataka kuachana na boila ya zamani na kupata maji ya moto kwa njia nyingine, lakini hataki kupoteza meko yake. Jambo hilo linawezekana, na kwa maoni yetu ni uamuzi wa busara. Hata hivyo kuna hatua moja ambayo fundi akiiruka, moto wa kuota sebuleni unaweza kugeuka mlipuko. Tutaieleza hatua hiyo mapema, kabla ya kuzungumzia bei na vifaa.

Jinsi boila inavyofanya kazi

Boila ya nyuma ya meko haina mota wala pampu. Ina mabomba mawili. Bomba la juu hupeleka maji yaliyopata moto kwenye tangi la kuhifadhia lililo juu zaidi. Bomba la chini hurudisha maji baridi kwenye boila. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, hivyo hupanda yenyewe, na mzunguko huendelea muda wote moto unapowaka. Tangi hilo hulishwa na tangi jingine la maji baridi lililo darini, na juu yake huwa na bomba la kupumulia lililoachwa wazi, lisilo na koki wala kizibo.

Bomba hilo la kupumulia ndilo roho ya mtambo. Moto wa kuni hauna swichi. Maji yakizidi kupata moto, hutanuka, kisha huanza kuwa mvuke, na mvuke huchukua nafasi kubwa mara zaidi ya 1,600 kuliko maji uliyotokana nayo. Mahali pa kutokea pakiwapo, mvuke hutoka na mwenye nyumba husikia mngurumo tu. Pakikosekana, chuma hustahimili kwa muda, halafu hupasuka kwa ghafla.

Dalili za boila iliyochoka hazifichiki. Maji ya moto hutoka na rangi ya kutu huku ya baridi yakiwa safi. Moto mkubwa huwashwa jioni nzima na maji yakabaki vuguvugu. Ukuta ulio nyuma ya meko hupata unyevu, au majivu hukutwa yamelowa asubuhi ilhali mvua haikunyesha. Mngurumo na vishindo ndani ya ukuta ni dalili nzito kuliko zote, kwa kuwa huenda bomba limezibwa na ukoko. Anayeusikia asiongeze kuni. Aache moto ufe wenyewe, na asiuwashe tena mpaka fundi ameyakagua mabomba yote mawili. Wala asimwagie moto huo maji kwa haraka ya kuuzima, maana chuma cha moto kikipatwa na maji ya baridi huweza kupasuka.

Hatua isiyoruhusiwa kurukwa

Tuchukue mfano. Mwenye nyumba amenunua mtambo wa jua wa kupasha maji. Fundi bomba anafika, anaunganisha mtambo mpya juu ya paa, kisha anageukia mabomba mawili yanayotoka ukutani. Kuibomoa boila ni kazi ya siku nzima yenye vumbi na masizi, na haimo katika bei waliyokubaliana. Basi anayakata mabomba hayo, anayafunga kwa vizibo viwili ili yasivuje, na kazi inaonekana safi. Kwa macho ya mwenye nyumba, boila imeondolewa.

Haijaondolewa. Imefungwa, na huenda ndani yake yamebaki maji. Jioni ya kwanza ya baridi, mtu atawasha moto. Maji yale hayana pa kwenda. Chuma kilichokuwa kikilindwa na mzunguko wa maji sasa kinachemka kikiwa kimezibwa pande zote, nacho kiko hatua moja au mbili kutoka mahali watoto wanapokaa kuota moto. Nchini Uingereza, ambako boila za aina hii zilikuwa jambo la kawaida majumbani, mamlaka inayosimamia afya na usalama kazini imewahi kutoa tahadhari rasmi juu ya boila zilizoachwa nyuma ya meko baada ya kukatwa, kutokana na milipuko iliyojeruhi na kuua. Waliowasha moto walikuwa wakifanya jambo walilolifanya kila mwaka, au walikuwa wamehamia nyumba wasiyoijua historia yake.

Kwa hiyo tunasema wazi: boila iliyokatwa isibaki imezibwa nyuma ya meko yatakayowashwa. Njia iliyo bora ni kuing'oa na kuitoa nje ya nyumba. Ikiwa kuing'oa kutaangusha ukuta au dohani, na fundi mwenye ujuzi amethibitisha hivyo, basi maji yote yamwagwe mpaka tone la mwisho, na mabomba yote mawili yaachwe wazi kwenye hewa, yasizibwe kamwe. Aidha, boila yenyewe itobolewe ili hata mtu akija miaka kumi baadaye na kuyaziba mabomba kwa kutojua, mvuke upate pa kutokea. Boila iliyomwagwa maji isijazwe tena, hasa meko yakiwa na moto.

Mpaka kazi hiyo imalizike, meko yasiwashwe. Fundi akiondoka jioni akisema atarudi kesho kumalizia, mwenye nyumba aweke kitu kinachoonekana mbele ya meko, tofali au ubao, na awaeleze wote waliomo ndani. Mtoto au mgeni aliyesikia baridi hawezi kuyajua mambo yaliyomo ukutani.

Kuing'oa

Kazi hii inahitaji mafundi wawili, fundi bomba na mwashi, na mara nyingi matatizo huzaliwa katika pengo lililo kati yao. Fundi bomba hufunga maji, humwaga yaliyomo, hukata mabomba na kuyatoa. Mwashi hufungua matofali ya mbele, hutoa boila, na hujenga upya kitako cha meko. Kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayehusika na boila, hubaki ukutani.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kitambaa au gamba lililovikwa mabomba na tangi la zamani ili kuhifadhi joto. Likiwa jeupe au la kijivu, lenye nyuzinyuzi na linalomeguka kama chaki, linaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake likivutwa huathiri mapafu, na madhara huonekana baada ya miaka mingi. Lisikatwe kwa msumeno, lisifagiliwe likiwa kavu, na watoto wasilichezee. Fundi alilowanishe kwanza, ajifunike pua na mdomo kwa kifaa kinachofaa, na mabaki yafungwe ndani ya mifuko miwili. Kabla ya kuyatupa, mwenye nyumba aulize idara ya afya na mazingira ya halmashauri yatupwe wapi.

Meko baada ya boila

Boila ikitoka huacha shimo nyuma ya moto. Wenye nyumba wengi hudhani shimo hilo ni faida, kwamba sasa kuni nyingi zaidi zitaingia. Sivyo. Meko yalipimwa kwa ukubwa fulani, na boila ilikuwa ikinyonya sehemu ya joto lake. Ikiondolewa, joto lile huishia kwenye matofali na kwenye dohani. Mwashi anapaswa kulijaza shimo kwa matofali yanayostahimili moto, akitumia udongo wa kustahimili moto badala ya saruji ya kawaida, ambayo hupasuka na kumeguka inapopata joto kali kila siku. Matundu mawili yaliyopitisha mabomba yazibwe vizuri pia, la sivyo moshi utapita humo na kuingia darini au chumba cha pili.

Dohani yenyewe isafishwe kabla ya moto wa kwanza. Hapa Mafinga kuni tulizonazo kwa wingi ni mabanzi na vipande vya paina kutoka viwanda vya mbao vinavyotegemea msitu wa Sao Hill. Ni kuni za bei nafuu na zinawaka haraka, lakini zikiwa mbichi hutoa moshi mzito ambao huganda ndani ya dohani kama lami. Utando huo unaweza kushika moto. Dohani ikishika moto karibu na mbao za dari, nyumba iko hatarini. Mabanzi yaanikwe mahali pakavu penye upepo, na milingoti iliyokauka vizuri ni bora zaidi kwa moto wa jioni.

Jaribio la dohani ni rahisi. Washa karatasi chache na majani machache mabichi, funga milango na madirisha ya chumba, kisha mtu mmoja apite vyumba vyote na kuchungulia darini. Moshi ukionekana popote pasipokuwa juu ya paa, dohani ina ufa. Ukirudi chumbani, huenda imeziba au ni fupi mno kuliko paa. Meko yasitumike mpaka kasoro hiyo iondolewe.

Tunasisitiza haya kwa sababu ya hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hutokana na moto usiopata hewa ya kutosha, na anayeivuta husikia kichwa kinamuuma, uchovu na kichefuchefu, kisha hupoteza fahamu. Akiwa usingizini huenda asiamke. Na hapa ndipo tunapotoa sababu ya kusema kwamba kubakiza meko ni busara. Nyumba ya nyanda za juu isiyo na mahali salama pa kuota moto huishia kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, mlango ukiwa umefungwa. Jiko la mkaa halina dohani. Makaa yanayong'aa bila moshi, ambayo watu huyaona kuwa yamekwisha kuwa salama, bado yanaendelea kutoa hewa hiyo. Meko mazuri yenye dohani safi yanamwondolea mwenye nyumba kishawishi hicho.

Kuna wanaouliza kama wanaweza kuweka moto wa gesi ndani ya meko ya zamani. Wanaweza, ikiwa kifaa kimetengenezwa kwa ajili ya meko yenye dohani na kimefungwa na fundi wa gesi. Kuingiza plati ya jikoni ndani ya meko na kuiacha ikiwaka usiku si moto wa gesi wa kuotea.

Maji ya moto yatatoka wapi?

Kabla ya kwenda dukani, mtumiaji apige hesabu ya maji anayohitaji. Tuseme kaya ya watu sita, kila mmoja akioga kwa ndoo moja ya lita 20. Hizo ni lita 120 za maji ya kuogea yenye nyuzijoto 40. Asubuhi za baridi maji ya bomba yanaweza kuwa na nyuzijoto 14 hivi, kwa hiyo yanatakiwa kupandishwa nyuzi 26. Nishati inayohitajika ni takriban uniti 3.6 za umeme kwa siku, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Tangi likihifadhi maji kwa nyuzijoto 60, lita 68 hivi za maji hayo zikichanganywa na ya baridi zitatosha kwa kaya nzima. Tangi la lita 80 linafaa; la lita 200 litakuwa likipasha maji ambayo hakuna anayeyaoga.

Hita ya umeme yenye tangi ndiyo rahisi kufunga. Lakini uniti 3.6 kwa siku ni karibu uniti 110 kwa mwezi, kwa kuoga peke yake. Mteja wa TANESCO aliye katika kundi la matumizi madogo ya majumbani, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, atavuka ukomo huo hata kabla ya kuwasha taa, na bei ya kila uniti itakuwa nyingine. Mteja wa namna hiyo asilinganishe bei ya hita kwa hita dukani tu. Achukue risiti zake za umeme za miezi mitatu, aone alipo, kisha aongeze uniti 110. Wapo wanaoamini kwamba hita ikiachwa imewashwa mchana kutwa hutumia umeme mdogo kuliko kuiwasha na kuizima. Kinyume chake ndicho kweli: tangi hupoteza joto saa zote linapokuwa la moto, hasa katika bafu lenye baridi.

Hita ndogo ya papo kwa papo, ile inayofungwa juu ya bomba la kuogea, huuzwa kwa bei ya chini na ndiyo inayoleta manung'uniko mengi katika mji wenye baridi. Sababu ni hesabu tupu. Hita ya kilowati 5.5 ikiwa Dar es Salaam, ambako maji huingia yakiwa na nyuzijoto 27 hivi, inaweza kutoa karibu lita 7 kwa dakika za maji ya nyuzijoto 38. Hita hiyohiyo ikifungwa Mafinga na kupewa maji ya nyuzijoto 12 hutoa lita 3 tu kwa dakika. Haijaharibika na muuzaji hakudanganya kuhusu kilowati. Mnunuzi alisifiwa kifaa na ndugu anayeishi pwani. Zaidi ya hayo, hita hiyo huvuta karibu ampea 24, hivyo inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye ubao wa umeme, swichi yake na waya wa ardhini unaofanya kazi. Isiunganishwe kwenye waya wa taa ya bafuni. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA ya ufungaji wa umeme, naye aoneshe leseni kabla ya kushika bisibisi.

Hita ya gesi inafaa kwa nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara. Kwa hesabu ileile ya kaya ya watu sita, hutumia karibu gramu 350 za gesi kwa siku, hivyo mtungi wa kilo 15 unaweza kudumu wiki sita hivi. Mtungi wa kilo 6 haushauriwi kwa kazi hii. Gesi ikitoka kwa kasi kubwa mtungi hupoa, na asubuhi ya baridi mtungi mdogo hushindwa kulisha hita hata kama bado una gesi. Hita ya gesi ina masharti matatu tusiyoyalegeza. Kwanza, isifungwe bafuni. Ifungwe nje ya ukuta mahali palipokingwa mvua, au ndani ikiwa tu ni ya aina inayotoa moshi nje kwa bomba lake yenyewe. Isiunganishwe kwenye dohani ya meko, kwani kila moto unahitaji njia yake. Pili, fundi airekebishe kwa mwinuko wa hapa. Hewa ya Mafinga ni nyepesi kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani, hivyo kifaa kilichopangwa kwa usawa wa bahari hukosa oksijeni ya kutosha. Mwali wa buluu ni mzuri. Mwali wa njano unaotoa masizi ni ishara ya hatari. Tatu, mtungi ukae nje, umesimama, mbali na mfereji au shimo, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini na kujikusanya mabondeni.

Anaponunua gesi, mtumiaji aombe mtungi upimwe kwenye mizani mbele yake. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ongeza kilo za gesi unazolipia, na jumla ndiyo inayopaswa kusomeka.

Mtambo wa jua una gharama kubwa mwanzoni na ndogo baadaye. Kwa kuwa Mafinga iko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, paneli zielekezwe kaskazini na ziinuliwe kiasi, ili zipate jua la Juni na Julai linalopita upande huo. Tunamshauri mnunuzi amuulize muuzaji swali moja bayana: siku tatu za ukungu mfululizo nitaoga kwa nini? Jibu la kweli ni kwamba mtambo uwe na kipasha joto cha umeme cha akiba, au kaya ichemshe maji jikoni siku hizo. Wanaoishi upande wa mashamba ya chai, ambako ukungu ni mwingi, wasilikubali jibu la kwamba mtambo hufanya kazi hata bila jua.

Mwisho, ipo njia ya kuweka boila mpya ya kuni, ama nyuma ya meko yaleyale ama nje ya nyumba. Hatuidharau. Mahali ambapo mabanzi hupatikana mlangoni kwa bei ndogo, pengine ndiyo nafuu kuliko zote. Pipa la maji lililojengewa matofali nje, na moto chini yake, limewaogesha watu wa nyanda hizi kwa vizazi. Sharti ni lilelile la mwanzo: bomba la kupumulia liwe wazi, lipande juu kuliko tangi linalolisha maji, na lisiwekewe koki hata kama linadondosha maji na kuudhi. Fundi anayependekeza kuliziba ili kupata msukumo mkubwa wa maji asikabidhiwe kazi.

Makubaliano na malalamiko

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ukurasa mmoja wa daftari. Yataje kwa maneno haya au yanayofanana nayo: boila ya zamani itolewe nje ya ukuta na ikabidhiwe kwa mwenye nyumba, shimo lijazwe kwa matofali ya kustahimili moto, dohani ijaribiwe kwa moshi mbele ya mwenye nyumba. Neno "kuondoa" peke yake halitoshi, kwa sababu fundi aliyekata mabomba anaweza kudai kwamba ameondoa. Sehemu ya malipo, angalau theluthi moja, ibaki mpaka jaribio la moshi lifanyike. Kwa vifaa, mnunuzi adai risiti ya mashine na cheti cha dhamana chenye tarehe na namba ya kifaa, na atazame alama ya ubora ya TBS.

Mpangaji ana haki ya kumuuliza mwenye nyumba swali kuhusu meko kabla ya kuhamia: je, nyuma yake kuna boila, na kama ipo, mabomba yake yako wapi? Mwenye nyumba asiyejua jibu anapaswa kuita fundi, na mpaka fundi afike meko yasiwashwe.

Kasoro ikitokea, hatua ya kwanza ni kumwandikia aliyeuza au aliyefunga kifaa, kwa barua au ujumbe unaobaki, na kumpa muda wa kurekebisha. Asiporekebisha, malalamiko ya umeme na gesi hupelekwa EWURA, na mtumiaji anaweza kusaidiwa na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA CCC. Vipimo vya mizani vyenye shaka ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ya uongo huangukia Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Moto au mlipuko ukitokea, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ukiwa tayari nje ya nyumba.

Boila iliyotolewa ukutani huwa na thamani kidogo kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Kabla hajaipakia, ipigwe picha ikiwa uani, pamoja na picha ya shimo lililobaki kabla mwashi hajalijaza, na picha hizo ziwekwe pamoja na hati za nyumba. Kama boila ilibidi kubaki ndani, iandikwe kwa rangi isiyofutika kwenye ukuta wa darini, pale mabomba yanapotokea: kuna boila tupu nyuma ya meko, mabomba haya yasizibwe. Chini yake iwekwe tarehe na jina la fundi.